Kutafuta Habari za Wazee Wetu Katika Barua na Daftari za Kale

1. Mtoto aliyekosa jibu

Siku moja mwalimu wa shule moja ya pwani aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la sita, "Kesho kila mtu aje na majina ya wazee wake: baba na mama, babu na bibi, na waliowazaa hao, kadiri atakavyoweza." Siku ya pili wanafunzi wakasimama mmoja mmoja. Wengine walitaja vizazi vitano, na mmoja alitaja saba pasipo kusita. Hata zamu ya mtoto mmoja ilipofika, alimtaja mama yake, na bibi yake, na mama wa bibi yake, na bibi wa bibi yake, kisha akanyamaza. Mwalimu akamwuliza, "Na huyo wa mwisho alizaliwa na nani? Watu wake walikuwa watu gani?" Akajibu, "Sijui, Mwalimu."

Mwenziwe aliyeketi nyuma yake akasema kwa sauti ndogo, lakini darasa zima likasikia: "Mwacha asili ni mtumwa." Watoto wakacheka. Mwalimu akawakemea, akasema, "Methali hiyo tutairudia siku nyingine. Leo si siku yake."

Mtoto akarudi nyumbani, hakutaka kula. Bibi yake alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, naye akamdadisi hata akaambiwa yote. Bibi akakaa kimya kitambo, kisha akamwambia, "Mjukuu wangu, lete lile kasha lililo chini ya kitanda." Ndani yake mlikuwa na kitabu cha sala kilichotoka jalada, na stakabadhi za kodi, na picha moja iliyofifia, na barua iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bibi akasema, "Barua hii nalipewa na mama yangu. Alisema ni ya baba yake. Mimi sijui yaliyomo, kwa kuwa sijui kusoma herufi hizi, na sasa hata macho yamekwisha. Lakini wewe umesomeshwa. Tafuta. Nataka kujua bibi yangu alikuwa nani kabla sijamfuata."

Tutasimulia jinsi walivyotafuta. Majina yao hatutayaandika hapa, kwa maana habari za jamaa ni mali ya jamaa. Lakini njia waliyoifuata yafaa kila mtu, nasi tutaieleza hatua kwa hatua.

2. Anza na walio hai

Karatasi zaweza kungoja, wazee hawangoji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwauliza walio hai. Yatupasa kuuliza kwa adabu na saa ya nafasi, wala si mzee anapokuwa mgonjwa au mwenye shughuli. Tena tuandike kila neno kama lilivyosemwa, pamoja na jina la aliyelisema na tarehe ya siku hiyo.

Watu wa zamani wengi hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, bali kwa mambo yaliyotukia. Basi usimwulize mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" Mwulize, "Ulizaliwa kabla ya jambo gani, na baada ya jambo gani?" Mtu wa Unguja wa siku zile aliweza kusema kwamba alizaliwa mwaka ambao jumba la Sultani lilipigwa mizinga, nasi twajua kwamba ni Agosti 1896. Mtu wa Mombasa aliweza kusema kwamba alikuwa mtoto wakati reli ya kwenda bara ilipoanza kujengwa, nasi twajua kwamba ni mwaka ule ule 1896, na kwamba reli ile ilifika Kisumu mwaka 1901. Na mtu aliyesema, "Nalizaliwa mwaka wa vita vya Wajerumani," pengine alitaka kusema mwaka 1914, na pengine mwaka wowote mpaka 1918. Maneno ya namna hii yana thamani kubwa, lakini sharti yapimwe.

Yule mtoto akamwuliza bibi yake, naye akamwambia mambo matatu. La kwanza, mama yake alizaliwa mwaka wa vita. La pili, bibi yake alilelewa na misheni, na watu walisema kwamba "alikuja na bahari." La tatu lilikuwa dogo, nusura bibi asiliseme. Alisema, "Bibi yangu alipokuwa peke yake akisaga, au alipokuwa na homa, alikuwa akijiita kwa neno moja lisilokuwa jina lake la ubatizo. Sisi watoto tulicheka. Tulidhani ni mchezo." Mtoto akamwomba alitamke neno lile, akaliandika kama masikio yake yalivyolisikia, wala hakuongeza herufi wala hakupunguza.

3. Barua ya kale

Karatasi ya zamani ni kama mgonjwa: hushikwa taratibu. Kama imekunjwa, usiikunjue kwa nguvu, maana itakatika penye mikunjo. Nawa mikono na kuikausha kwanza. Usitie mate kidoleni ili kufunua kurasa. Usiandike juu yake kwa wino, wala usiitie gundi. Iweke mahali pakavu, mbali na jua, na mchwa, na mende. Kisha ifanyie nakala kwa mkono au kwa picha, ili nakala ndiyo ishikwe kila siku na barua yenyewe ipumzike.

Pwani yetu ilijua kuandika barua zamani sana kabla ya kuja kwa shule za Wazungu. Watu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani mmoja, jina lake Carl Büttner, alikusanya barua na maandiko mengi ya namna hiyo, akayachapa Berlin mwaka 1892, nayo yasomwa mpaka leo. Barua hizo zilikuwa na desturi zake. Kwanza mwandishi alimtaja mwandikiwa kwa maneno ya heshima, mara nyingi kwa Kiarabu. Kisha zikafuata salamu. Kisha, baada ya salamu, habari yenyewe. Na mwishoni tarehe na jina la mwandishi. Nawe ujue kwamba mwenye barua na aliyeishika kalamu pengine si mtu mmoja. Wasiojua kuandika walimwendea mwandishi, wakamwambia maneno yao, naye akayaandika. Kwa hiyo Mkristo asiyejua kusoma aliweza kuletewa barua ya herufi za Kiarabu, kwa sababu jirani yake Mwislamu ndiye aliyejua kalamu.

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Bibi akampeleka mjukuu wake kwa Maalim wa chuo cha Kurani kilichokuwa mtaa wa pili. Mtoto akasema, "Shikamoo, Maalim." Akajibu, "Marahaba, mwanangu." Akavaa miwani yake, akaisoma barua mara ya kwanza kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Mwenye barua alikuwa seremala aliyekwenda bara kufanya kazi. Alimsalimu mkewe, akasema kwamba amempelekea rupia tano kwa mkono wa mtu anayeshuka pwani, akauliza kama dari imekwisha tengenezwa, na mwisho akauliza, "Je, mtoto ameota meno?" Tarehe ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka 1330.

Mtoto akastaajabu, akasema, "Mwaka 1330! Hiyo ni miaka mia saba!" Maalim akacheka, akamweleza hesabu ambayo kila mwenye kusoma karatasi za pwani hana budi kuijua.

Mwaka wa Hijra huhesabiwa tangu mwaka 622, Mtume Muhammad alipohama Maka kwenda Madina. Nao hufuata mwezi, kwa hiyo una siku 354 au 355 tu, hali mwaka wa jua una siku 365. Basi miaka 33 ya Hijra ni kama miaka 32 ya jua. Ukitaka kuugeuza mwaka wa Hijra, ugawanye kwa 33. Jibu ulitoe katika mwaka ule ule. Kisha uongeze 622. Hebu tujaribu. Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandiko ya mwaka 500 wa Hijra. Mia tano gawanya kwa 33 ni 15. Toa 15 katika 500, zabaki 485. Ongeza 622, utapata 1107. Sasa tuitazame barua: 1330 gawanya kwa 33 ni 40. Toa 40, yabaki 1290. Ongeza 622, utapata 1912. Hesabu hii yaweza kupotoka mwaka mmoja, kwa kuwa miaka hii miwili haianzi siku moja, lakini hukufikisha mlangoni.

Pengine mwezi nao huandikwa kwa jina la Kiswahili. Wazee waliuita mwezi unaofuata Ramadhani Mfungo Mosi, na unaofuata huo Mfungo Pili, wakaendelea hivyo mpaka Mfungo Tisa. Kisha Rajabu, na Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Shaabani ya mwaka 1330 ilianza katikati ya Julai 1912.

Maalim akasema tena, "Tazama, barua yenyewe yajishuhudia. Imetaja rupia. Fedha hizo zilitumika pwani yetu mpaka karibu na mwaka 1920, kabla ya shilingi. Kwa hiyo tarehe na fedha zapatana." Kisha akamwuliza mtoto, "Na huyo mtoto wa kuota meno, alizaliwa lini?" Akafikiri, akajibu, "Watoto huanza kuota meno wapatapo miezi sita au zaidi kidogo. Basi alizaliwa mwisho wa 1911, au mwanzo wa 1912." Maalim akasema, "Naam. Wala vita havijaanza."

Hivyo barua ilisahihisha kumbukumbu. Mama wa bibi hakuzaliwa mwaka wa vita, bali miaka miwili kabla yake na zaidi. Haikuwa kwamba wazee walisema uongo. Mtoto hukumbuka jambo kubwa la kwanza analolisikia watu wazima wakilitaja, akajihesabia kwalo.

4. Daftari za kanisa

Mtoto na mama yake wakaenda kwa padre wa kanisa lao, wakaomba ruhusa kutazama daftari za zamani. Daftari za misheni ni hazina. Tangu mwanzo mapadre waliandika kila ubatizo, na kipaimara, na ndoa, na maziko. Katika habari za ubatizo huandikwa tarehe, na jina, na majina ya wazazi, na ya wadhamini, na ya padre aliyebatiza. Baadhi ya misheni ziliandika kwa Kiingereza au Kifaransa, na katika Kanisa la Kirumi mara nyingi kwa Kilatini. Pembeni mwa ukurasa pengine pameongezwa neno la baadaye, kwamba mtu huyu alioa mwaka fulani, mahali fulani. Usiyapite maneno ya pembeni. Mara nyingi ndiyo yanayokuonyesha njia.

Kanuni ya kutafuta ni hii: toka ulipo na uende nyuma, kizazi kimoja kimoja. Usiruke. Mtu aendaye mbio kumtafuta babu wa babu yake bila kuwajua walio katikati atamshika babu wa mtu mwingine.

Basi wakaanza na mwisho wa 1911. Katika Januari 1912 wakaliona jina la mama wa bibi, amebatizwa akali mchanga; baba yake seremala, na jina la mama yake. Kwa jina hilo la mama wakaiendea daftari ya ndoa, wakarudi nyuma mwaka baada ya mwaka, wakaiona ndoa mwaka 1899. Hapo paliandikwa kwamba bibi arusi alikuwa mtoto wa misheni, tena palikuwa na jina la mdhamini wake. Kutoka hapo wakaiendea daftari ya kwanza kabisa, ambayo jalada lake lilikuwa limeliwa na wadudu, na padre akaifunua yeye mwenyewe.

Mwaka 1886 wakaona mstari mmoja. Jina la ubatizo lilikuwa lile lile. Mdhamini alikuwa yule yule wa siku ya ndoa. Umri: yapata miaka minane. Mahali pa habari nyingine: ametolewa jahazini. Kabila: Mnyasa. Jina la kwanza, yaani jina la kabla ya ubatizo: hapo paliandikwa neno, na mtoto akalisoma polepole, kwa kuwa mkono wa padre wa kale ulikuwa na mapambo mengi. Lilikuwa lile neno la bibi. Herufi moja ilikuwa r badala ya l, na mwisho wake ulikuwa umeandikwa vingine, lakini ukilitamka kwa sauti ni lile lile.

Na mahali pa majina ya baba na mama palikuwa na mstari mfupi tu wa wino.

5. Majina hubadilika, na maneno ya daftari hupimwa

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana msomaji mwenye akili atauliza, "Walijuaje kwamba ni yeye, wala si mwingine mwenye jina kama lake?" Ni swali jema. Jina moja peke yake si ushahidi. Lakini hapa mashahidi walikuwa wanne: jina la ubatizo, na mdhamini mmoja katika daftari mbili, na umri unaopatana na miaka ya ndoa na ya uzazi, na lile jina la kwanza, ambalo bibi alilikumbuka pasipo kuiona daftari, na daftari ikalihifadhi pasipo kumjua bibi. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema neno moja, tunaweza kuwaamini.

Ujue pia kwamba watu waliotekwa zamani zile pengine walikuwa na majina matatu. La kwanza walipewa na wazazi wao. La pili walipewa na waliowanunua. Mabruki, na Baraka, na Feruzi, na Majaliwa yalikuwa majina ya namna hiyo. La tatu walilipata katika ubatizo. Ukitafuta jina moja tu, pengine utampita mtu wako ameketi katika ukurasa ule ule.

Tena Wazungu waliandika majina yetu kama masikio yao yalivyosikia na kama lugha zao zilivyowafundisha. Wajerumani waliandika Bagamojo kwa Bagamoyo, na Udjidji kwa Ujiji, na Tschole kwa Chole. Kwa hiyo soma majina ya daftari kwa sauti, usiyasome kwa macho tu.

Na neno la kabila lipimwe kuliko yote. Watu wengi waliotekwa pande za ziwa la Nyasa, au waliopitishwa njia ya huko, waliitwa Wanyasa tu walipofika pwani, ingawa walikuwa wa makabila mbalimbali. Mtoto wa miaka minane aliyeuzwa mara mbili au tatu hakuweza kumwonyesha padre nchi yake katika ramani. Basi neno "Mnyasa" katika daftari halikuambii kwa hakika kabila la mtu. Lakuambia upande alikotokea.

6. Watoto waliosimulia habari zao wenyewe

Sasa tuseme habari za jahazi, ili tufahamu mstari ule wa 1886.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alifanya mapatano na Waingereza ya kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao. Siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu liliwekwa mahali palipokuwa soko la watumwa Unguja. Lakini biashara haikufa siku moja. Majahazi yaliendelea kupita kwa siri, na manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata. Watu waliotolewa humo walipelekwa mahali mbalimbali, na watoto wengi walikabidhiwa misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imewapokea watoto watano wa kwanza Unguja mwaka 1864. Baadaye wavulana walisoma Kiungani, na wasichana Mbweni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa. Karibu na Mombasa misheni ya C.M.S. ilianzisha Frere Town mwaka 1875, na kengele yake ingalipo, hata mahali pale paitwa Kengeleni mpaka leo. Hivyo jina la mahali nalo ni kumbukumbu.

Wavulana wa Kiungani walisimulia wenyewe jinsi walivyotekwa, na masimulizi yao yakafasiriwa na A. C. Madan na kuchapwa mwaka 1887. Ni kitabu cha thamani, kwa kuwa humo watoto wenyewe ndio wanenao. Padre Petro Kilekwa, Mbisa, naye alieleza maisha yake katika kitabu kilichochapwa mwaka 1937. Alitekwa akiwa mtoto. Mama yake alipata nafasi ya kumkomboa kwa nguo, lakini hakuwa na nguo ya kutosha, na mtoto akachukuliwa. Baadaye akaokolewa na manowari, akasoma Kiungani, akawa kasisi. Na Cecil Majaliwa, aliyetekwa naye utotoni, akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile.

Yule bibi wa kale hakuandika kitabu. Lakini tusomapo habari za hao wenziwe, twaweza kufahamu kwa kiasi njia aliyoipita. Ndivyo ilivyo kazi hii: penye kimya cha mtu wetu, twasikiliza sauti za waliokuwa pamoja naye. Ila tuseme wazi, "Hivi vilikuwa vya wenziwe," tusiseme, "Hivi vilikuwa vyake."

7. Nyumba za kumbukumbu

Zaidi ya makanisa, ziko nyumba za serikali zinazohifadhi karatasi za kale. Ile ya Unguja ilianzishwa mwaka 1956, nayo ina kumbukumbu za mabalozi wa Kiingereza na za watu waliopewa uhuru. Ile ya Tanzania Bara ilianzishwa mwaka 1963, nayo ina karatasi za Wajerumani na za Waingereza. Ya Kenya ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, nayo iko Nairobi. Karatasi za C.M.S. ziko Birmingham, na za Misheni ya Vyuo Vikuu ziko Oxford, Uingereza.

Pia ziko karatasi ndogo ambazo pengine zimo katika masanduku yenu. Kwanza hati za uhuru. Unguja sheria ya 1897 iliwapa watumwa njia ya kudai uhuru wao. Pwani ya Kenya utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1907. Na Tanganyika mwaka 1922. Pili vipande vya kazi. Kenya, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kutumika baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita alipaswa kuwa na kipande chenye jina lake, na kabila, na alama za vidole, na majina ya waliomwajiri. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Wazee hawakukipenda, nao walikuwa na haki. Lakini karatasi ile iliyowadhili sasa yaweza kutuonyesha walikofanya kazi. Tatu stakabadhi za kodi, na vyeti vya askari, na vyeti vya shule. Usichome karatasi ya zamani kabla ya kumwonyesha mtu ajuaye.

8. Mstari wa wino

Mtoto na mama yake walirudi jioni. Bibi alikuwa ameketi barazani. Mtoto akamsomea yote aliyoyanakili kwa kalamu ya risasi, na alipolitaja lile jina la kwanza bibi akaweka mkono kinywani. Akasema, "Ndilo. Tulimcheka, naye alikuwa akijiita, asije akalisahau."

Kisha akauliza, "Na baba yake? Na mama yake?" Mtoto akajibu, "Hapana kitu, bibi. Pana mstari tu." Bibi akasema, "Usiseme hapana kitu. Mstari ule una maana yake. Padre aliuliza, na mtoto wa miaka minane hakuweza kujibu, kama wewe ulivyoshindwa kumjibu mwalimu wako. Lakini jina lake alilijua, akalishika mpaka uzee. Nani alimpa jina lile? Ni hao ambao hawakuandikwa."

Katika kitabu cha Ezra twasoma kwamba Wayahudi waliporudi kutoka Babeli, baadhi yao walitafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone. Hata hivyo walihesabiwa pamoja na msafara, na kukosa kwao kukaandikwa, kukahifadhiwa mpaka leo. Basi hata asiyeona jibu ameongeza elimu, akiandika kwa kweli pale alipotafuta na pale njia ilipokatika. Lakini ajazaye mstari wa wino kwa maneno aliyoyabuni amewanyang'anya wazee wake mara ya pili.

Siku iliyofuata mtoto aliomba ruhusa kusimama darasani. Akawataja wazee wake mmoja mmoja, akafika kwa yule bibi wa kale, akalitaja jina lake la ubatizo, kisha akalitaja jina la kwanza. Akasema, "Alitolewa jahazini, akabatizwa mwaka 1886. Hapo njia yakatika. Wazazi wake hawakuandikwa." Akaketi. Hakuna aliyecheka.

Ndipo mwalimu akairudia methali, kama alivyoahidi. Akasema, "Mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini yatazameni maneno yenyewe: methali yamsema aliyeacha. Aliyenyang'anywa hakuacha. Mtoto yule alinyang'anywa nchi, na wazazi, na kabila, naye hakuacha lile moja aliloweza kulishika. Basi semeni ninyi, ni nani aliyeishika asili yake kuliko yeye?" Yule aliyesema neno nyuma ya mwenziwe siku ile akainamisha kichwa, na saa ya mapumziko akaenda kuketi karibu naye, akamwuliza jinsi ya kuugeuza mwaka wa Hijra.

Maswali

1. Kwa nini tunaanza kwa kuwauliza walio hai kabla ya kutafuta karatasi?
2. Maalim alijuaje kwamba tarehe ya barua yapatana na habari zilizomo?
3. Geuza miaka hii ya Hijra: 1290 na 1314.
4. Taja mashahidi wanne walioonyesha kwamba mtoto aliyebatizwa mwaka 1886 ndiye yule bibi wa kale.
5. Kwa nini neno "Mnyasa" halitoshi kutujulisha kabila la mtu?
6. Eleza maana ya maneno haya ya bibi: "Mstari ule una maana yake."
7. Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja wa jamaa yako habari za utoto wake. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na jina lake, na tarehe. Kama kuna barua au cheti cha zamani nyumbani, omba ruhusa, nawa mikono, ukinakili. Mahali usipopata jibu, piga mstari, wala usibuni neno.